Je, Wajua? Kaskazini mwa China, Baridi Ni Mtaji

Je, wajua kwamba mjini Harbin muuza aiskrimu hahitaji friji msimu wa baridi? Hutoa makasha yake nje, akayapanga kando ya njia kama mtu apangavyo mafungu ya machungwa gengeni, na aiskrimu hukaa hapo tangu asubuhi hadi usiku bila kudondosha tone. Wastani wa joto la Januari katika mji huo, ambao ndio makao makuu ya jimbo la Heilongjiang, ni karibu nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Usiku kipimajoto hushuka hadi 25, na zipo siku kinagusa 30. Sasa kumbuka kwamba friji la kugandishia la nyumbani hutegeshwa kwenye nyuzi hizo hizo 18 chini ya sifuri. Harbin ya Januari, basi, ni friji moja kubwa lenye watu ndani yake. Na wateja hawakosekani! Katika Mtaa wa Zhongyang, uliotandikwa mawe tangu miaka ya 1920, watu waliojifunika kofia za manyoya hupanga foleni wakisubiri aiskrimu ya kijiti ya Madie'er, inayouzwa mjini humo tangu mwaka 1906.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanasoma katika vyuo vikuu vya China, na likizo yao ndefu huangukia Januari na Februari, wakati ambao kaskazini yote imeganda. Wengi hujifungia bwenini mpaka jua lirudi. Nawasihi wasifanye hivyo. Watu wa kaskazini mwa China wameifanya baridi kuwa mtaji: wanaila, wanaijengea, wanaiteleza, wanaiuza. Mgeni mwenye mfuko mdogo akiujua utaratibu wake, naye atafaidi.

Tuanze na kuila. Kuna tunda la pea lililogandishwa ambalo huuzwa sokoni likiwa jeusi tii na gumu kama jiwe. Huachwa nje ligande, liyeyuke kidogo, ligande tena, mara kadhaa, mpaka ganda lake liwe jeusi na nyama ya ndani iwe laini. Mgeni akilinunua hutaka kuliweka karibu na moto. Mwenyeji huliloweka katika bakuli la maji ya baridi. Baada ya muda, ajabu hutokea: gamba la barafu linajifunga juu ya tunda, kwa kuwa tunda lilikuwa na ubaridi kupita maji, na maji yaliyoligusa yameganda. Ndani ya gamba hilo tunda limeshalainika. Ligonge gamba lipasuke, toboa ganda kwa meno, kisha fyonza. Maji yake ni matamu na baridi yake hufika mpaka utosini.

Je, wajua kwamba Harbin haina hata miaka 150? Mji ulianza kukua mwaka 1898, Warusi walipokuwa wakijenga reli ya kukatiza Manchuria kuelekea Vladivostok. Ndiyo maana katikati ya mji wa Kichina limesimama kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Sofia, lenye kuba la kijani kama kitunguu, na ndiyo maana watu wa Harbin wanakula mkate mkubwa wa mviringo uitwao dalieba, jina ambalo nusu yake ni Kichina na nusu ni Kirusi: "da" ni kubwa, na "lieba" ni neno la Kirusi la mkate, khleb, lililolainishwa na ulimi wa Kichina.

Lakini utajiri hasa wa mji huo ni mto. Mto Songhua huganda kila mwaka, na ifikapo Desemba barafu yake huwa nene kiasi cha kubeba watu na magari. Hapo ndipo wakata barafu huingia kazini. Hukwangua theluji ya juu, huchora mistari, hupitisha msumeno wa mashine juu ya mistari hiyo, kisha hukita nondo ndefu kwenye ufa na kusukuma kwa pamoja mpaka pande linaachia na kuelea. Pande hilo huvutwa nje likiwa safi, lenye rangi ya buluu kwa mbali, kwa sababu maji ya mto yaliganda polepole kutoka juu kwenda chini na mapovu ya hewa yakapata nafasi ya kutoka. Kwa mapande hayo hujengwa minara, ngome, ngazi na mahekalu yenye taa ndani yake, katika bustani iitwayo Ulimwengu wa Barafu na Theluji wa Harbin, iliyoanzishwa mwaka 1999. Katika msimu wa 2024 na 2025 bustani hiyo ilichukua eneo la mita za mraba milioni 1 na kutumia mita za ujazo 300,000 za barafu na theluji. Kuna bomba la kuteleza la barafu lenye urefu wa zaidi ya mita 500, na foleni yake hudai uvumilivu wa saa kadhaa, kwa hiyo anayelitaka aende kwanza huko kabla ya kupiga picha hata moja.

Chanzo cha sanaa hiyo ni taa ya mvuvi. Zamani, wavuvi na wakulima wa huko walijaza ndoo maji, wakaiacha nje. Maji huanza kuganda pembeni, na katikati hubaki majimaji. Waliyamwaga yale ya katikati, wakabaki na kikombe kikubwa cha barafu, wakaweka mshumaa ndani. Upepo hauzimi mshumaa wa namna hiyo. Mwaka 1963 mji uliandaa maonyesho yake ya kwanza ya taa za barafu katika Bustani ya Zhaolin, na mengine yote yametoka hapo.

Je, wajua kwamba Harbin iko katika latitudo karibu sawa na Lyon, mji wa Ufaransa? Lyon hupata mvua na ukungu wakati huo, watu wanaosha magari nje. Harbin imeganda. Tofauti inaletwa na Siberia. Bara la Asia likikosa jua, hewa iliyo juu ya Siberia hupoa sana, ikawa nzito, ikajilundika, kisha ikamwagika kuelekea kusini na mashariki juu ya China yote ya kaskazini. Ndiyo iliyofikisha kipimajoto cha Mohe, wilaya ya kaskazini kabisa mwa China, kwenye nyuzi 53 chini ya sifuri tarehe 22 Januari 2023, rekodi ya nchi nzima. Katika baridi ya namna hiyo, ukirusha hewani kikombe cha maji yanayochemka, hayafiki chini yakiwa maji. Hugeuka wingu jeupe mbele ya macho yako.

Hewa hiyo ya Siberia, hata hivyo, ni kavu. Baridi ipo tele, theluji ni haba. Beijing mwezi wa Januari hupata mvua au theluji ya milimita chache tu. Kwa hiyo msafiri anayeshuka Beijing akidhani atakanyaga theluji barabarani hukuta vumbi, jua kali na upepo unaokata masikio. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilipofanyika Beijing Februari 2022, na kuufanya kuwa mji wa kwanza duniani kuandaa Olimpiki za kiangazi (mwaka 2008) na za baridi pia, karibu theluji yote ya mashindano ilitengenezwa kwa mashine.

Namna inavyotengenezwa inafaa kuelezwa. Mizinga ya theluji hupuliza maji yaliyosagwa kuwa matone madogo sana pamoja na hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo ikitoka hutanuka na kupoa ghafla, vipande vidogo vya barafu huzaliwa, na matone mengine hujigandia juu yake yakiwa bado angani. Hapo ukavu unakuwa rafiki: katika hewa kavu sehemu ya kila tone huvukizwa, na mvuke huo huondoka na joto, tone likapoa upesi zaidi. Hewa ile ile inayomnyima mkulima theluji ya mbinguni ndiyo inayomfaa mwenye mizinga. Theluji ya mashine haina umbo la nyota ya pembe sita. Ni vijipunje vya barafu, vizito, vilivyoshikana, na havipotei haraka jua likitoka. Ni sakafu nzuri ya kuteleza na ni sakafu mbaya ya kuangukia.

Zipo sehemu za kaskazini zilizobahatika. Katika milima iliyo upande wa Mudanjiang kuna kijiji kinachoitwa Xuexiang, yaani Kijiji cha Theluji, ambako hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Japani hukutana na baridi ya Siberia na kumwaga theluji nyingi mno. Hujikusanya mapaani na juu ya nguzo za ua mpaka kila nguzo ikafanana na uyoga mnene. Na katika mji wa Jilin kuna jambo la kipekee. Juu ya mto upitao mjini humo, upande wa chanzo, lipo bwawa la umeme la Fengman. Maji yatokayo chini ya bwawa yana vuguvugu kidogo ukilinganisha na hewa, kwa hiyo mto unaendelea kutiririka katikati ya mji huku kila kitu kingine kimeganda. Mvuke hupanda usiku kucha, ukagusa matawi ya mierebi na misonobari, ukaganda hapo hapo. Kunapokucha miti yote ya kando ya mto imevaa sakitu nyeupe, nene kama manyoya. Saa nne asubuhi inaanza kupukutika. Mwenye kutaka kuiona aamke mapema.

Kwa kuwa tumetaja theluji na barafu mara nyingi: neno "theluji" tulilipata kwa Waarabu, wao husema thalj. "Barafu" ilitoka Uajemi, ambako barf maana yake ni theluji yenyewe.

Je, wajua kwamba ubao wa theluji ulianza kama mchezo wa watoto wa nyumbani? Siku ya Krismasi mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, Michigan, Mmarekani Sherman Poppen alifunga skii mbili pamoja ili binti zake wasimame juu yake na kuteremka kilima, kama mtu apandaye wimbi la bahari. Miaka 12 baadaye Jake Burton Carpenter alianzisha karakana ya mbao hizo huko Vermont. Wenye vilima vya skii waliwafukuza vijana wa ubao kwa miaka mingi. Mwaka 1998, mjini Nagano, Japani, ubao uliingia Olimpiki.

Nagano hiyo hiyo ndiyo iliyomwona Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyekuwa amejifunza skii kwa muda mfupi tu, akishindana katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi, Mnorwei Bjørn Dæhlie, alikuwa amesimama kwenye mstari akimngoja, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kwangu mimi hakuna picha ya michezo ya baridi inayozidi hiyo.

China nayo ilichelewa kuingia katika ubao, lakini haikuchelewa kushinda. Liu Jiayu alipata medali ya kwanza ya nchi hiyo, ya fedha, huko Pyeongchang mwaka 2018. Kisha akaja Su Yiming, mzaliwa wa mji wa Jilin, ule wa sakitu. Akiwa mtoto alikuwa mwigizaji, na alionekana katika filamu ya vita ya mwongozaji Tsui Hark iliyotoka mwaka 2014, yenye matukio mengi ya theluji. Tarehe 15 Februari 2022, siku 3 kabla ya kutimiza miaka 18, alitwaa dhahabu ya kuruka juu kwa ubao mbele ya watu wa nchi yake. Mahali aliporukia pana historia yake. Panaitwa Shougang, kiwanda cha chuma kilichoanzishwa mwaka 1919 ndani ya Beijing, ambacho tanuri zake zilizimwa mwishoni mwa 2010 ili mji upumue. Minara mikubwa ya kupozea maji bado imesimama nyuma ya mteremko, na unaweza kufika pale kwa treni ya chini ya ardhi, ukaitazama rampu kwa karibu.

Mbali sana kutoka hapo, katika milima ya Altay kaskazini-magharibi mwa Xinjiang, kuna michoro ya mapangoni inayoonyesha watu waliosimama juu ya vitu virefu miguuni, wakifuatana na wanyama. Baadhi ya wataalamu wa China wanaipa umri wa zaidi ya miaka 10,000, na wengine hawakubali, kwa kuwa ni vigumu kupima umri wa rangi iliyo juu ya jiwe. Lisilobishaniwa ni kwamba Watuva wa milima hiyo bado wanachonga skii za mti wa spruce na kuzivika ngozi ya farasi upande wa chini. Vinyweleo hulazwa kuelekea nyuma. Ukiteremka, ngozi inateleza. Ukipanda, vinyweleo vinasimama na kushika theluji, hurudi nyuma hata hatua moja. Mkononi hushika fimbo moja tu. Hakuna mhandisi aliyebuni kitu bora zaidi kwa mwindaji.

Sasa tuje kwako wewe unayetaka kujaribu. Kichina kinagawa mchezo huu kwa urahisi: skii ni shuangban, mbao mbili, na ubao wa theluji ni danban, ubao mmoja. Ukifika dirisha la kukodisha, neno hilo moja linatosha. Utaulizwa namba ya kiatu na, mara nyingine, mguu upi unatangulia. Kama hujui, simama wima, mwombe mwenzako akusukume kidogo kwa nyuma bila kukuonya. Mguu uliouchomoa kujizuia, kwa watu wengi, ndio wa mbele.

Katika vilima vya wanafunzi utaona kitu kitakachokufurahisha: watu wazima, wenye heshima zao, wamejifunga kobe mkubwa wa kijani makalioni, mdoli laini uliojazwa pamba, na wengine kobe wadogo wawili magotini. Usicheke, mkodi na wewe. Mwanafunzi wa ubao siku ya kwanza hukaa chini kuliko kusimama, na nimeshaeleza theluji ya mashine ilivyo ngumu. Kobe anapokea kishindo. Mkono haupokei: jeraha linalowapata zaidi wanaoanza ubao ni la kifundo cha mkono, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza viganja. Kunja ngumi, angukia mikono ya mbele au makalio. Na vaa helmeti.

Ubao una kingo mbili, ya visigino na ya vidole, na ufundi wote ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Ukiulaza ubao wote ubapa huku umekaa mshazari kwenye mteremko, ukingo wa upande wa chini utakwama na utapigwa chini kabla hujajua. Mwalimu mzuri atakufundisha kwanza kushuka kwa ukingo mmoja tu, ukiyumba kushoto na kulia kama jani linalodondoka. Fanya hivyo asubuhi nzima. Kupanda juu utatumia mkanda unaojiendesha ardhini, ambao Wachina wanauita motan, zulia la ajabu. Huo ndio utakaokubeba siku mbili za kwanza.

Hapo ndipo fedha nyingi za vijana hupotea. Mtu ambaye hajawahi kugusa theluji hulipia tiketi ya mlima mkubwa, Yabuli au Chongli, kisha akashinda siku nzima kwenye zulia la ajabu lenye urefu wa mita mia moja. Anza kwenye kilima kidogo kilicho karibu na mji. Beijing ina Nanshan, wilayani Miyun, iliyofunguliwa mwaka 2001, na Harbin pia imezungukwa na vilima vidogo. Nenda Jumatatu hadi Ijumaa, bei ni ndogo na foleni hakuna. Vilima vingi vina tiketi za saa chache na za usiku, ambazo ni nafuu zaidi. Usinunue kitu: ubao, viatu, suruali na koti vyote hukodishwa, kwa dhamana ya fedha ambayo unarudishiwa. Glavu, soksi na miwani nunua zako kabla ya kufika, maana dukani kwenye mlima bei hupanda.

Ukishaweza kusimama na kukata kona, hapo Yabuli inastahili nauli yake. Iko kusini-mashariki mwa Harbin, iliandaa mashindano ya theluji ya Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia mwaka 1996 na tena Februari 2025. Tangu Desemba 2018 treni ya kasi ya Harbin na Mudanjiang husimama karibu nayo. Anayekaa Beijing aende Chongli, upande wa Zhangjiakou, ambako mashindano mengine ya ubao ya 2022 yalifanyika. Reli ya kasi ya Beijing na Zhangjiakou ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 2019, na ikapunguza safari kati ya miji hiyo miwili, iliyokuwa ikizidi saa 3, hadi dakika 47. Njiani kuna kituo cha Badaling kilichochimbwa mita 102 chini ya ardhi, chini ya Ukuta Mkuu. Sambamba nayo ipo reli ya zamani iliyosanifiwa na mhandisi Zhan Tianyou na kukamilika mwaka 1909, ya kwanza kujengwa na Wachina wenyewe bila wahandisi wa kigeni. Mlima ulipokuwa mkali mno, aliipindisha njia kama herufi ya Kichina ya neno "mtu", treni ikaingia kwa mbele na kutoka kwa nyuma.

Kutoka Beijing kwenda Harbin ni kilomita 1,200 hivi. Treni ya kasi huchukua saa 5. Mwenye mfuko mdogo apande ya usiku, katika behewa la daraja liitwalo yingwo, kitanda kigumu. Jina lisikutishe, godoro na blanketi vipo. Kila chumba kisicho na mlango kina vitanda 6, ngazi 3 kila upande. Cha juu kabisa ni cha bei ndogo kuliko vyote, na ni chembamba, hukai wima. Nauli mara nyingi ni karibu nusu ya ile ya treni ya kasi, na umeokoa gharama ya kulala usiku mmoja. Kila behewa lina bomba la maji ya moto bure, ndiyo maana utawaona abiria wote wamebeba tambi za kikombe na chupa za chai. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, na pasipoti yako ndiyo tiketi: pita kwenye lango lenye mtumishi, mashine nyingi husoma vitambulisho vya Kichina tu. Epuka kabisa chunyun, siku 40 za msongamano wa Mwaka Mpya wa Kichina, wakati nchi nzima inarudi kwao. Epuka pia Januari mosi. Katika siku 3 za mwanzo wa 2024, Harbin peke yake ilipokea wageni zaidi ya milioni 3.

Jambo la hatari kuliko kuanguka ni simu kuzimika. China nzima hulipa kwa kuskani msimbo, kwa WeChat au Alipay, kama sisi tunavyotuma pesa kwa simu, na tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard. Lakini betri ya simu katika nyuzi 20 chini ya sifuri hufa ghafla, hata ikiwa ilionyesha nusu. Zimekwenda tiketi, ramani, tafsiri na fedha kwa pamoja. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na uwe na noti kidogo za yuani. Pawabenki ibebe, ila ujue kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 zisizo na alama ya 3C, cheti cha usalama cha China, haziruhusiwi kwenye ndege za ndani ya China.

Usivae sweta nene chini ya koti. Serikali huwasha mabomba ya joto ya mji mzima: Harbin kuanzia tarehe 20 Oktoba hadi 20 Aprili, kwa hiyo ndani ya nyumba watu hukaa na fulana. Utaingia dukani, utatokwa na jasho, kisha jasho hilo litakugeukia barabarani. Vaa tabaka nyembamba kadhaa zinazovulika haraka, na juu koti linalozuia upepo. Koti la kijeshi la kijani la pamba, liitwalo jundayi, ni zito lakini ni rahisi na linafanya kazi. Usiguse chuma kwa ulimi wala kwa mkono uliolowa. Kila mtoto wa huko ameonywa kuhusu kulamba kitasa cha mlango.

Wanafunzi wa Kichina wana mbinu moja ya kulala rahisi: nyumba za kuogea. Unalipa kiingilio, unaoga maji ya moto, unasuguliwa mwili mzima na msuguaji mwenye kitambaa cha kukwaruza, unapewa pajama, na nyingi hukuruhusu kulala ukumbini mpaka asubuhi. Uliza kwanza kama wanapokea pasipoti, kwa sababu mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli na hosteli hulifanya hilo zenyewe.

Chakula cha kaskazini-mashariki huja kwa sahani za watu wanne. Wawili waagize kimoja, waongeze wakikosa. Muislamu asihofu: tafuta bango la kijani lenye maandishi ya Kiarabu na neno qingzhen, yaani halali. Migahawa ya tambi za nyama ya ng'ombe ya mtindo wa Lanzhou ipo karibu kila mji, bakuli ni kubwa, na bei yake ni ya mwanafunzi.

Msomaji aliye Tanzania, Kenya au Uganda aombe viza mapema, msimu ni mfupi. Mwishoni mwa Februari minara ya Harbin huanza kulowa na kuinama, taa huzimwa, milango hufungwa. Mto Songhua ukifunguka, barafu yote inakuwa maji tena.